Draiva ya tableti ya kuchorea kwenye Linux: maana yake

Tableti inayozungumziwa hapa si ile ya kutazamia video. Ni kibao kisicho na skrini, chenye waya wa USB na kalamu yake. Mkono unachora juu ya kibao, macho yako kwenye skrini ya kompyuta. Mwanzoni mkono hupotea njia, kisha huzoea.

Draiva ni programu inayokaa kati ya kibao na kompyuta, na kazi yake ni ukalimani. Kibao hakijui mstari mnene wala mwembamba. Kinatuma namba tu: ncha ya kalamu iko wapi, imekandamizwa kiasi gani, kitufe kipi kimebonyezwa. Draiva huzipa namba hizo maana, ndipo programu ya kuchora kama Krita au GIMP izigeuze kuwa wino.

Mkandamizo hupimwa kwa ngazi, na vibao vingi vya bei nafuu siku hizi huandikwa 8192 kwenye boksi. Usibabaishwe na namba hiyo. Watu walichora kazi nzuri tu kwa ngazi 2048.

Kasheshe iko hapa. Vibao vingi vya Huion na Gaomon, ukivichomeka tu, hujifanya kipanya. Kishale kinatembea vizuri, lakini kandamiza utakavyo, unene wa mstari haubadiliki. Mwenye kibao anaona ameuziwa kibovu, kumbe kinasubiri kuulizwa! Draiva inayokifahamu huomba, kupitia USB, maandishi fulani yaliyohifadhiwa ndani yake, na kule kuombwa ndiko kunakokifanya kianze kutoa taarifa kamili. Kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wakishughulika na Linux, watu wa mradi wa DIGImend waliichunguza mienendo ya vibao hivyo wenyewe. Matunda ya kazi yao yamo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa jina hid-uclogic.

Wacom, kampuni ya Japani, haina usumbufu huo: draiva yake imo kwenye kerneli miaka mingi. Ndiyo maana mimi ningechukua Wacom ndogo ya mtumba kabla ya kibao kipya nisichokijua.

Kerneli isipoitambua modeli yako, ipo OpenTabletDriver, inayofanya kazi nje ya kerneli. Huion na XP-Pen nao sasa wanatoa draiva zao za Linux. Chagua moja tu. Draiva mbili zikigombea kibao kimoja, kishale kitaruka ovyo au kalamu itakufa kabisa.

Dukani, nenda na laptopu yako. Chomeka kibao, andika lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) kwenye terminali, lile dirisha la amri, uangalie namba ya utambulisho: 056a ni Wacom, 256c ni ukoo wa Huion. Namba hiyo hutaja ukoo, si modeli, kwa hiyo fungua pia mipangilio ya tableti ndani ya Krita, kwenye sehemu ya majaribio, uchore mstari. Kama asilimia ya mkandamizo haipandi wala kushuka, bado unachora kwa kipanya.