Polisi wa jimbo na watu wa uhamiaji Marekani: yanayosemwa na yaliyopo

"Niko jimbo la hifadhi (jimbo lililowabana polisi wake wasiwasaidie watu wa uhamiaji), hawanipati." Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Mtu akikamatwa, tuseme kwa ulevi barabarani, akachukuliwa alama za vidole kwenye jela ya kaunti, alama hizo huenda FBI (upelelezi wa shirikisho), na kutoka huko huwafikia ICE, yaani idara ya shirikisho inayowakamata na kuwarudisha wahamiaji. Utaratibu huo ulianza 2008, na California yenyewe haijaukata. Sheria yake ya 2017, SB 54, inamzuia sherifu, mkuu wa polisi na jela wa kaunti, kumweka mtu ndani kwa ajili ya ICE tu. ICE wenyewe haiwazuii kuja mtaani kwako.

"Karatasi ya ICE ikifika jela, lazima mtu ashikiliwe." Karatasi hiyo ni ombi: mshikilieni hadi saa 48 zaidi, tutakuja kumchukua. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilitamka hivyo katika kesi ya mtu aliyezuiwa Pennsylvania ingawa dhamana yake ilikwishalipwa. Alikuwa raia, mzaliwa wa New Jersey! Ila ukivuka kwenda Texas, sheria ya jimbo, SB 4 ya 2017, inazilazimisha jela kuitikia ombi hilohilo. Anayelazimisha huko ni Texas, si Washington, yaani serikali ya shirikisho.

Washington haina ubavu wa kuwaamuru polisi wa jimbo waifanyie kazi. Ajabu ni kwamba kinga hiyo ilitiwa nguvu na Mahakama ya Juu mwaka 1997, katika kesi ya masherifu wa Montana na Arizona waliogoma kuwakagua wanunuzi wa bunduki kwa amri ya Washington. Leo wanaoikimbilia ni watetezi wa wahamiaji.

"Kila polisi ni uhamiaji." Hapana, mpaka idara yake iwe na mkataba na ICE chini ya kifungu cha 287(g) cha sheria ya uhamiaji, kilichowekwa mwaka 1996, naye awe amefundishwa.

"Basi polisi wa kawaida haruhusiwi kuuliza makaratasi." Taratibu. Katika kesi ya 2012 kuhusu sheria ya jimbo la Arizona ya kuwabana wahamiaji, Mahakama ya Juu ilisema kuwapo nchini bila makaratasi, kwa kawaida, si jinai, ikafuta vifungu vingi vilivyopingwa vya sheria hiyo. Kifungu cha polisi kumhoji kuhusu makaratasi mtu aliyesimamishwa kwa jambo jingine ilikiacha.

Na ile "hati ya kukamata" ya ICE? Angalia saini: kwa kawaida ni ya afisa uhamiaji, si ya hakimu.