Umemaliza Deni, Rehani Bado Iko Kwenye Daftari

Ukilipa rejesho la mwisho la mkopo, deni limekwisha. Rehani, yaani haki ya mkopeshaji juu ya kiwanja au nyumba uliyoweka dhamana, bado ipo. Deni liko kwenye vitabu vya mkopeshaji, rehani imeandikwa kwenye daftari la msajili wa ardhi, na msajili hawezi kujua umelipa mpaka aletewe hati ya kuifuta. Usipofuatilia, maandishi yale hukaa pale miaka na miaka, yakaja kuibuka siku unapotaka kuuza, au warithi wako wanapogawana mali.

Kwa hiyo usiondoke kwa mkopeshaji na risiti pekee. Omba taarifa ya mkopo inayoonyesha salio ni sifuri, riba na tozo zikiwemo. Mara nyingi kinachokwamisha ni kiasi kidogo cha riba iliyoendelea kuhesabiwa kati ya siku uliyopewa hesabu na siku fedha zilipoingia. Kisha dai hati ya kufuta rehani, iliyosainiwa na maofisa wenye mamlaka hayo, pamoja na hati miliki yako halisi. Barua ya kukupongeza kwa kumaliza mkopo haifuti kitu kwenye daftari, hata ikiwa na mhuri.

Isome hati ya kufuta rehani kabla hujaipokea. Linganisha namba ya kiwanja na ile ya hati miliki, tarakimu kwa tarakimu, kisha jina lako na namba ya usajili wa rehani yenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, msajili atairudisha, na utaanza upya kuwatafuta wenye kusaini. Kama uliwahi kuongezewa mkopo, huenda rehani zilizosajiliwa ni mbili. Hakikisha zote zinafutwa.

Rudi pia kwenye mkataba. Zipo rehani zinazoshikilia mali kwa madeni yote ya mkopaji, hata deni la mtu mwingine ambaye mkopaji huyo amemdhamini, na hapo mkopeshaji anaweza kuwa na haki ya kutoiachia. Akikataa, mwambie aandike sababu. Barua hiyo utaihitaji ukilalamika kwa mamlaka inayomsimamia au ukienda mahakamani.

Uliza mapema nani anapeleka hati kwa msajili na nani analipa ada, maana wengi hukwama hapa, kila upande ukimsubiri mwenzake. Ikishasajiliwa, fanya upekuzi rasmi, yaani omba kwa msajili taarifa ya yaliyoandikwa kwenye daftari kuhusu kiwanja chako, uone kwa macho yako kwamba rehani imefutwa, na majibu ya upekuzi huo uyahifadhi pamoja na hati miliki.