Kasri la katuni likitoka kwenye skrini: mambo ya kujua kabla hujamwita fundi

Likizo ikikaribia tu simu zinaanza, watu wenye viwanja Bunju, Kigamboni, wengine Mbezi huko, wanataka kufungua sehemu ya michezo ya watoto na karibu wote wanaanza hivihivi, "Mwalimu, nataka kasri kama lile la kwenye katuni." Kabla sijauliza hela wala ukubwa wa kiwanja nauliza kitu kimoja, sawa mzee, na nyuma yake pakoje? Hapo anakaa kimya kidogo.

Nauliza hivyo kwa sababu mchoraji wa katuni anachora ule upande unaoonekana kwenye fremu basi, nyuma ya ule mnara hakuna kitu, hakuna ngazi, hakuna choo, hakuna bomba la maji ya mvua. Sasa mtoto yeye hakai sehemu moja, ana miguu na atazunguka. Kuna mwaka nilipeleka wanafunzi sehemu moja nje kidogo ya mji kupima majengo, mbele kuna minara miwili ya faiba ya pinki na bendera, imependeza kweli, dakika kumi hazijaisha watoto wote wako nyuma na huko nyuma kuna tofali hazijapigwa plasta, jenereta na madumu ya maji. Binti mmoja mdogo akamuuliza mama yake, "Mama, kumbe siyo nyumba?" Lile swali nimelibeba mpaka leo na kila mwaka nawasimulia wanafunzi wapya.

Watu wengi wanadhani mambo yanaenda hivi: filamu kwanza, inapendwa, ndo wanajenga. Siyo lazima. Disneyland, bustani ya burudani ya kampuni ya katuni ya Disney, ilifunguliwa Julai 1955 kule California ikiwa na kasri la mrembo aliyelala (Sleeping Beauty), wakati filamu yenyewe ilitoka 1959, yani jengo liliitangulia filamu miaka mitatu na nusu hivi. Na umbo la kasri lile walichota kwenye Neuschwanstein, kasri la mfalme Ludwig II kule Bavaria, Ujerumani, lililoanza kujengwa 1869, na picha zake za mwanzo alizichora Christian Jank ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mandhari za jukwaa la maigizo. Kwa hiyo tangu mwanzo lile ni jengo lililotoka kwenye mchoro wa maigizo, ndo maana macho yanalipokea haraka hivyo. Anayelichora leo kwenye ukuta wa chekechea Tabata anachora nakala ya nakala ya nakala.

Alafu lile kasri la California siyo refu hata kidogo, ni kama mita 23, hapa Dar jengo la ghorofa saba hivi linalifikia. Linaonekana kubwa kwa sababu limedanganya umbali, kadiri unavyopanda juu kila kitu kinapungua, mawe ya chini makubwa, ya juu madogo, madirisha ya juu madogo kuliko ya chini, jicho lako linasema aah kumbe ile ncha iko mbali sana. Kasri jingine la Disney, lile la Florida la mwaka 1971, lina mita 57 hivi, ndani ni chuma na zege, minara ya juu ni faiba, halina tofali hata moja. Sasa huku kwetu fundi anaambiwa jenga kasri anapandisha tofali za nchi sita toka msingi mpaka juu na madirisha saizi moja, hela imeisha na kasri linaonekana kama tangi la maji. Ujanja huu hauongezi gharama ya maana, unahitaji mtu akae na karatasi kwanza apange vipimo vinavyopungua. Ila mlango wa chini usiuguse, mtu mzima apite bila kuinama, na kama kuna ngazi ziwe ngazi za binadamu, maana wahusika wa katuni hawavunjiki miguu.

Kuna jambo moja linanigusa sana. Kule Florida kuna bustani nyingine ya Disney, Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, na ndani yake kuna mji wa kubuni unaitwa Harambe, umetokana kwa sehemu kubwa na Lamu, kuta za chokaa zilizochakaa, maandishi ya Kiswahili ukutani, na onyesho la mfalme simba linachezwa hapohapo. Wale wabunifu walikuja pwani yetu wakaangalia plasta inavyobanduka, wakarudi kwao wakaijenga kwa zege na rangi mpaka ikafanana. Wao wanaiga mwambao wetu, sisi tumeuacha na tunaiga Bavaria! Mimi sisemi mtoto wa Mbagala asione kasri, aone, lakini baraza, mlango wa nakshi, boriti za mikoko zilizochomoza ukutani, vichochoro vyembamba vya Unguja ambavyo hujui kona inayofuata ina nini, hivyo ni vitu ambavyo mbunifu wa hadithi angevilipia.

Turudi kwenye saiti. Hapa mwezi wa tatu na wa kumi jua la saa sita linapita utosini kabisa, kwa hiyo ukuta hauna kivuli kinachouchora, rangi laini ya waridi au samawati iliyopendeza kwenye kompyuta inapauka machoni inakuwa kama nyeupe chafu. Ukitaka umbo lisomeke inabidi vitu vitokeze, vizingiti, vipaa vidogo juu ya madirisha, paa lenye mdomo mrefu. Na kivuli hichohicho ndo kinamfanya mzazi akae saa tatu badala ya dakika arobaini. Sakafu nyeupe usiweke, inaumiza macho.

Yale mawe na miti ya bandia kila mtu anataka na ndo yanayoharibika mapema. Kazi yenyewe ni kusuka nondo, unafunga wavu, unapulizia zege kwa pampu, alafu mafundi wanalichonga kwa mwiko kabla halijakauka. Mti mkubwa wa Animal Kingdom umejengwa hivyo, mita 44, umebebwa na muundo wa chuma kama wa mitambo ya kuchimba mafuta baharini, na umechongwa wanyama zaidi ya 300. Sasa sikiliza hapa, fundi akichonga ufa ili jiwe lionekane la kale, pale kwenye ufa zege juu ya nondo linakuwa jembamba, na chumvi ya Kunduchi au Kigamboni inaingilia palepale, nondo inashika kutu, inavimba, jiwe linapasuka kweli na kipande kinaweza kumwangukia mtoto. Tunaomba walau milimita 50 za zege kuanzia chini ya mchongo, siyo kuanzia juu yake. Hili ukilisahau mengine yote niliyoandika hayana maana.

Japani wana njia nyingine ninayoipenda zaidi. Ghibli Park, bustani ya studio ya katuni ya Ghibli, ilifunguliwa Novemba 2022 mkoa wa Aichi na aliyesimamia ni Goro Miyazaki, ambaye kabla ya filamu alikuwa mtu wa kupanga bustani na mandhari. Pale kuna nyumba ya akina Satsuki na Mei, wale dada wawili wa katuni ya Totoro, iliyojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 2005, nyumba ya mbao ya kweli, unafungua droo unakuta nguo zimekunjwa. Wameweka nguvu kwenye droo, siyo kwenye mnara. Kwa mtu mwenye kiwanja cha robo eka Bunju hilo linawezekana kabisa.

Na katuni za kwetu zipo. Akili, yule binti wa miaka minne wa chini ya Mlima Kilimanjaro, anatengenezwa hapahapa Dar na watoto wanamjua kwa jina. Ukitaka kumtumia yeye au mhusika yeyote wa nje omba ruhusa kwa mwenye haki, kachora fundi wako au hakuchora haki siyo yako, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakuelekeza. Ramani nayo isainiwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa na bodi ya fani hiyo.

Mwisho kabisa, kabla hujanunua rangi mwambie fundi atengeneze vipande vitano sita vya plasta, saizi ya mlango, apake rangi tofauti tofauti, viegeshe kwenye kiwanja chako upande wa bahari na uviache masika nzima. Mwezi wa sita nenda ukaviangalie saa sita mchana, umechuchumaa, macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto.