Kibali cha kijana hufuata kazi iliko

Kila Mei simu yangu hainyamazi: wazazi wanauliza kuhusu kazi za kiangazi za watoto wao. Juzi alipiga baba mmoja anayeishi Texas. Bintiye wa miaka 15 amepata kazi ya kiangazi kwenye duka la aiskrimu huko Cape Cod, Massachusetts, na atakaa kwa shangazi yake. Meneja ameomba kibali cha kazi. Baba alikuwa amekasirika kidogo: "Mtoto kazaliwa hapa hapa Marekani, kibali cha nini tena?"

Simlaumu. Ukisikia kibali cha kazi, akili inakimbilia uhamiaji. Hiki ni kingine kabisa: ni karatasi ya kumlinda mtoto, inayothibitisha umri wake kabla hajaajiriwa. Raia anakihitaji, na aliyeruhusiwa na uhamiaji kufanya kazi anakihitaji vilevile.

Tena baba yule hakuwahi kukisikia kwa sababu Texas haikidai. Sheria ya kazi ya serikali kuu, ile ya 1938, iliweka umri, saa na kazi za hatari, lakini haimlazimishi kijana kuwa na kibali; hilo ni la majimbo, na kila jimbo lina lake. Arkansas ilikifuta mwaka 2023. California inakidai hata shule zikiwa zimefungwa. New Jersey, tangu Juni 2023, imeliondoa suala hili shuleni na kulipeleka mtandaoni: mwajiri anajisajili, kijana anaomba, mzazi anathibitisha. Basi swali la kwanza kumuuliza mzazi ni "kazi iko wapi?" Anakoishi mtoto hakubadilishi kitu.

Massachusetts inataka kibali kwa kila aliye chini ya miaka 18, na akibadilisha kazi anaanza upya. Anayetoka jimbo lingine huenda kwenye ofisi ya elimu ya mji wenye kazi. Fomu inaanzia kwa mwajiri, anayeandika kazi yenyewe na saa zake. Mzazi anatia saini, na kwa wa miaka 14 na 15 daktari naye lazima atie. Sasa tazama: daktari yuko Texas, mzazi yuko Texas, ofisi iko Massachusetts. Mtoto akishapanda ndege bila saini hizo, wiki nzima ya mshahara inaweza kupotea kwa kusubiri karatasi. Kwa hiyo fomu isafiri kwanza, mtoto baadaye.

Saa nazo zina mtego wake. Sheria ya nchi inamruhusu wa miaka 14 au 15 kufanya kazi hadi saa tatu usiku kuanzia Juni 1 mpaka Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba. Massachusetts inaruhusu hivyo kuanzia Julai 1 tu. Sheria mbili zikipishana, inayomlinda mtoto zaidi ndiyo inayoshika, hivyo Juni yote binti huyu anatoka saa moja jioni, hata foleni ya wateja ikiwa imefika barabarani. Na kwa kuwa ni duka la aiskrimu: haruhusiwi kufanya kazi ndani ya chumba cha kugandishia. Kuingia mara moja, kuchukua kopo na kutoka, sawa.

Wengine hunijia na kazi ya uokoaji kwenye maji. Kwa sheria ya serikali kuu, wa miaka 15 mwenye cheti anaweza kulinda bwawa la kuogelea, lakini si ziwa wala ufuko wa bahari. Huko mpaka afike 16.

Halafu kuna "anakwenda kwa baba yake mdogo, ana mgahawa." Kwa Kiswahili baba mdogo ni baba. Sheria hulegeza masharti mtoto akifanya kazi kwenye biashara ya mzazi wake, lakini msamaha huo haumfikii baba mdogo kwa undugu peke yake; lazima awe amesimama mahali pa mzazi kweli, malezi yote yakiwa mikononi mwake. Hapo nimebishana na watu wazima wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mwisho ni fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba mtu ni nani na anaruhusiwa kufanya kazi Marekani; ni ya kila mfanyakazi nchini. Hati zionyeshwe kwa mwajiri ndani ya siku tatu za kazi tangu siku ya kuanza, na ziwe halisi, si picha kwenye simu. Pasipoti ya Marekani inatosha peke yake. Kama hana, kitambulisho cha shule chenye picha pamoja na kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security) vinatosha. Mzazi anaweza kumthibitisha mtoto asiye na kitambulisho, ila kufanya hivyo ukiwa maelfu ya kilomita mbali ni usumbufu mtupu.

Jana usiku baba wa Texas amenitumia picha ya fomu. Daktari ameshatia saini, naye pia. Sehemu ya mwajiri iko tupu. Nimemwambia ampigie meneja leo.