Swali Tunalokwenda Nalo Kaole

Nimefundisha shule ya msingi jijini Dar es Salaam kwa miaka 19, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa na Darasa la Tano. Miaka ya mwanzo, kila tuliporudi kutoka ziara ya mafunzo niliwapa wanafunzi insha, kisha nikakaa usiku kusahihisha insha 60 zinazofanana: siku iliwadia, tuliamka alfajiri na mapema, tukapanda basi, tukaimba njia nzima, tukafika, tukala, tukarudi tumechoka lakini tumefurahi. Mahali penyewe palipata sentensi moja. Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa langu. Niliwapeleka watoto mahali bila kuwapa cha kutafuta, nao wakaandika kile walichokiona kweli, yaani basi na chakula.

Ziara ninayotaka kuieleza ni ya Magofu ya Kaole, kwa sababu ndiyo niliyoirudia mara nyingi na ndiyo iliyonifundisha namna ya kuandaa nyingine zote. Kaole iko kama kilomita tano kusini mwa mji wa Bagamoyo, na kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa takriban kilomita 70. Pana mabaki ya misikiti miwili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mkongwe wao ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na pana makaburi, baadhi yake yakiwa na nguzo zilizopambwa zamani kwa vyombo vya kauri kutoka China. Watu waliokula katika vyombo vya China waliishi kwa biashara ya baharini. Hata hivyo, mgeni anayesimama leo penye magofu hayo haoni bandari, anaona mikoko. Hapo ndipo swali letu linapotoka, nami huliandika juu kabisa ya ubao wiki mbili kabla ya safari na kuliacha hapo bila kulijibu: Mji wa bandari unawezaje kuwa mbali na maji?

Katika wiki hizo mbili natumia vipindi vya dakika 80 vya Hisabati, Sayansi na Jiografia, na mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili hunisaidia upande wake. Kazi ya kwanza hufanyika uwanjani. Kila mwanafunzi hutembea hatua kumi za kawaida, mwenzake hupima umbali huo kwa futikamba, kisha wote wawili hugawanya kwa kumi. Aliyepata meta 5.6 anajua kwamba hatua yake ni sentimeta 56, na anaiandika namba hiyo kwenye jalada la daftari kama anavyoandika jina lake. Tangu siku hiyo mtoto amekuwa na kipimo kisichohitaji kubebwa. Mwaka mmoja niliweka alama kwa vijiti viwili kwenye njia ya kuelekea pwani na kuwataka wapime. Mvulana wa kundi la kwanza alihesabu hatua 21, msichana wa kundi la pili akahesabu 19, na ubishi ukaanza papo hapo, kila mmoja akidai mwenzake ameruka hatua. Niliwaambia wazidishe. Wa kwanza, mwenye hatua ya sentimeta 56, alipata meta 11.76, wa pili, mwenye hatua ya sentimeta 61, alipata meta 11.59. Wakatazamana. Nimewahi kueleza maana ya kipimo sanifu ubaoni kwa njia nyingi, lakini sijaona darasa likiielewa kwa kina kama walivyoielewa wale wawili wakiwa wamesimama juani.

Kazi ya pili huenda nyumbani. Kwa siku 14 kila mwanafunzi huutazama mwezi jioni na kuuchora katika daftari, na siku ya mawingu huandika kwamba hakuuona, jambo ninalolisisitiza kwa sababu wengi hupenda kuchora walichokidhania. Darasani tunaunganisha michoro hiyo na habari za maji kujaa na kupwa: kwamba maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, kwamba kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na kwamba katikati ya vipindi hivyo viwili huwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Watoto wa wavuvi huyajua haya kabla sijafungua mdomo. Nawaachia wao nafasi ya kuwaeleza wenzao, na nimeona mara nyingi mtoto aliyekuwa wa mwisho katika majaribio ya kila wiki akisimama mbele ya darasa kwa dakika kumi bila kusita.

Somo hili la maji nililiingiza baada ya kukosea mimi mwenyewe. Ziara yangu ya pili ya Kaole niliipangia tarehe kwa kuangalia ratiba ya shule tu. Tulifika maji yamejaa, mizizi ya mikoko yote imefunikwa, na nilibaki nikinyoosha kidole kuelekea kwenye maji nikieleza kitu ambacho hakuna aliyekiona. Sasa tarehe huchaguliwa na darasa kutokana na michoro ya mwezi. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, hivyo tukiondoka shuleni saa kumi na mbili tunapata nafasi ya kutosha ya kutazama magofu kwanza na kuteremka pwani kwa wakati.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi. Kila watoto sita wana mtu mzima wao, mwalimu au mzazi; kila mtoto ana namba yake na huitaja tunapopanda na tunaposhuka; na barua ya ridhaa ya mzazi hurudi ikiwa imesainiwa, si kwa maneno ya mdomo. Kuhusu mchango nina msimamo ambao sijaubadilisha: mtoto haachwi kwa kukosa nauli. Kama fedha hazitoshi kwa wote, tunabadili mahali. Soko lililo jirani, kisima, hata mfereji ulio nyuma ya shule unaweza kubeba swali zuri, na unafikika kwa miguu.

Tukiwa Kaole tunaanza na msikiti. Nawakumbusha kwamba wameingia mahali pa ibada na penye makaburi, kwa hiyo hakuna anayepanda juu ya ukuta wala anayeokota hata kipande cha jiwe. Kisha nawapa dira na kuwaomba watafute mihrabu, ile sehemu ya ukuta inayoonyesha upande wa Makka wa kuelekea wakati wa kuswali, inaelekea wapi. Msichana mmoja aliiweka dira kiganjani, akangoja sindano itulie, akasema kwa sauti ndogo, “Kaskazini kabisa.” Nilikuwa nimewaonyesha kwenye ramani kwamba Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa pwani yetu, na wazee wengi wa pwani bado wanauita upande huo kibla. Aliangalia ukuta, akaangalia dira, akauliza, “Mwalimu, wao waliijuaje?” Tulizungumza habari za mabaharia waliosafiri usiku kwa kufuata nyota, na wanafunzi waliokuwa wakipiga porojo pembeni walisogea kusikiliza.

Baadaye tunateremka kwenye mikoko, kila kundi likihesabu hatua zake tangu msikitini. Maji yakiwa yamepwa, mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, huonekana imesimama juu ya tope kama kalamu za risasi zilizochomekwa kwa maelfu. Nawataka wachuchumae na watazame kilichonaswa katikati ya mizizi: majani, mchanga, tope laini. Hapo huwa sina haja ya kusema mengi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kuhamwa kwa Kaole ni kwamba mchanga na mikoko viliijaza bandari mpaka vyombo vikashindwa kukaribia, na watoto wenyewe huyafikia wakiwa wamechuchumaa palepale, vidole vyao vikiwa na tope.

Turudipo darasani tunafanya jaribio moja ambalo nawashauri walimu wenzangu walijaribu, kwa kuwa vifaa vyake ni vya jikoni. Tunaponda ganda la yai na kombe ya baharini katika visosa tofauti, tunaweka chaki ya ubaoni katika kisosa cha tatu, kisha tunamimina siki. Ganda na kombe hutoa povu, kwa kuwa vyote vimeumbwa kwa madini yaleyale yaliyomo katika matumbawe yaliyojenga misikiti ya Kaole, na ambayo yalichomwa ili kupata chokaa yake. Chaki, ambayo darasa zima lilikuwa limebashiri kwamba itatoa povu jingi kuliko vyote, ilitulia tu, kwani chaki tuliyokuwa nayo ilitengenezwa kwa jasi, madini mengine yasiyotoa povu katika siki. Tulirudi kwenye ubashiri wetu tukaukata kwa mstari mmoja, bila kuufuta, ili uonekane.

Insha bado ninaitoa, ila ninawataka waandike kitu kimoja tu walichokitazama kwa muda mrefu. Mwaka huu mvulana mmoja aliandika ukurasa mzima kuhusu tope, na mwishoni akaniuliza: kama mchanga uliifunga bandari ya Kaole, nani anauondoa katika bandari ya Dar es Salaam? Nimeliandika swali lake juu ya ubao. Muhula ujao tutakwenda Kivukoni, mahali ambapo meli huonekana zikipita katika lango jembamba la bandari, na darasa limekwisha kuanza kuchora mwezi.