Ufafanuzi: Paka wa Maine Coon si chotara wa rakuni

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ukidai kuwa Maine Coon, yule paka mkubwa mwenye manyoya marefu, alitokana na paka aliyepandwa na rakuni. Si kweli.

Rakuni ni mnyama wa porini wa Amerika. Ukoo wake na wa paka uliachana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, na hawawezi kuzaa pamoja. Linganisha mwenyewe: paka mzima ana meno 30, rakuni 40. Paka hutembea kwa vidole na huficha kucha; rakuni hukanyaga kwa unyayo, na kucha zake hazirudi ndani.

Maine Coon ni uzao wa paka wa kufugwa waliofika kwa meli katika jimbo la Maine, Marekani. Manyoya marefu hutokana na jeni ya FGF5 iliyobadilika. Jeni hiyo hujificha: haionekani mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo paka wawili wa manyoya mafupi huweza kuzaa mtoto wa manyoya marefu, na hapo ndipo watu hubuni baba wa ajabu. Maabara huitambua kwa pamba iliyosuguliwa ndani ya shavu la paka.

Mkia nao huchanganya, kwa kuwa Maine Coon wengi wana pete nyeusi mkiani kama za rakuni. Pete hizo hata paka wa mtaani anazo.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa upole, na umpe hesabu ya meno.