Ndia Kuu ina umri mkubwa kuliko nyumba zake

Ukitoka Fort Jesus kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, unapita Ndia Kuu, barabara fupi unayoimaliza kwa dakika chache tu. Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo, na wageni huniuliza sana kama nyumba hizi ni za Wareno. La. Kilichobaki cha Wareno hapa ni njia yenyewe.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na Wareno wakajipanga kando ya njia hii, wakaiita Raposeira. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa aliwaasi akaiteka ngome. Walirudi, lakini Desemba 1698 Waomani waliwang'oa baada ya kuwazingira kwa karibu miaka mitatu. Nyumba za Wareno zikatoweka. Njia haikufa, kwa sababu watu waliendelea kupita.

Nyumba tunazoziona leo nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanzia Mombasa mwaka 1896, ulipoleta watu na pesa. Wafanyabiashara Wahindi walijenga duka chini, makazi juu, na roshani ya mbao juu ya barabara. Simama chini ya mojawapo uinue macho: mbao zinazoibeba zimechongwa nakshi, na juu yake kuna vibao vilivyolazwa mshazari ili upepo uingie na aliye ndani aone nje bila kuonekana. Roshani hizo ndizo ninazozipenda kuliko milango inayopigwa picha kila siku.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari za zamani hubebwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani pamoja na chumvi, lipu huvimba, hubanduka, na mwishowe jiwe lenyewe humung'unyuka. Inaniuma kila ninapoliona hilo, kwa sababu mwenye nyumba alidhani anaiokoa.

Biashara kubwa ilipohamia bandari ya Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, Ndia Kuu ilipungukiwa na wateja. Naamini hilo liliinusuru: hakukuwa na pesa za kubomoa na kujenga ghorofa mpya. Siku hizi pesa zipo, na saruji inauzwa kila duka la vifaa. Chokaa inabidi uitafute.